Siku Niliyoficha Kibuyu

Katika kumgombea dada yangu, shangazi alikuwa na silaha mbili: machozi yake, na makala niliyoiandika mwenyewe.

Makala hiyo ilitoka katika jarida moja zamani, wakati nilipokuwa na nywele nyingi na mashaka machache. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nikiamini kwamba kila cha kwetu kimedharauliwa na ni juu yangu kukisimamisha. Nikaandika, kwa sentensi ndefu zenye kujisikia, kwamba mtu anayesikia sauti, yule ambaye hospitali humwita mgonjwa, wazee wetu wangemvika nguo nyeupe, wakampa kigoda na ngoma, na watu wangekuja kwake kumwuliza mambo yao. Ilisomwa na watu wachache sana, wengi wao mimi. Wakati huo sikuwa na mtu nyumbani anayesikia sauti.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa akioka mikate katika jiko la hoteli moja huko Diani. Akaanza kuiunguza. Alipoulizwa alisema kuna watu wanazungumza nyuma ya tanuri, na kwa kuwa sauti zao ni za watu wazima, aliona si adabu kuwakatiza. Tulicheka. Tukacheka tena aliposema wamemkataza kula samaki. Siku alipokataa kuingia chumbani mwake kwa sababu, alisema, mimi nimetega mle kitu cha kumsikiliza, hatukucheka.

Daktari akatupa neno: skizofrenia. Alilitamka polepole, kama mtu anayetaja jina la mgeni wa heshima. Ikaanza sindano ya kila mwezi katika kliniki moja upande wa Msambweni. Sauti zikapungua, zikawa, kwa maneno yake dada, kama redio ya jirani. Lakini mikono ilianza kutetemeka, mwili ukanenepa, na usingizi ukamkaa machoni hata adhuhuri. Mtu aliyekuwa akikunja unga kama anayekunja leso akawa hawezi kumimina chai bila kujaza na kisahani. Nilisoma kila nilichoweza kuhusu dawa ile. Nilichoambulia ni kwamba wataalamu wanajua inasaidia. Ukiwauliza kwa nini, wanaanza kukohoa. Kwa hiyo dawa sikuiamini. Taabu ni kwamba sikuamini kitu kingine chochote pia.

"Yule mtoto haumwi," shangazi alisema siku moja, amekaa kwenye mkeka wangu huko Ukunda, miguu ameinyoosha. "Anaitwa."

"Anaitwa na nani, shangazi?"

"Na pepo wa uganga wa nyanya yako. Tangu nyanya yako kuzikwa, pepo wake hana kiti. Hana mtu wa kumkalia. Amezunguka, amenigonga kichwa mimi miaka yote hii, kisha akaona sifai. Sasa amempata wake."

"Daktari amesema—"

"Wee baba, daktari atasema. Na wewe uliyesoma, ulisema nini?"

Sijui ni nani aliyemsomea ile makala. Ninaye mtu ninayemshuku, lakini ni binamu yangu na amenikopesha gari mara kadhaa. Shangazi alikuwa ameihifadhi kifuani kama watu wanavyohifadhi Yasini.

"'Si uharibifu bali ni wito,'" alisoma kwa kichwa, kwa sauti ile ile ya kujisikia niliyoikusudia. "Maneno ya nani haya?"

"Yangu. Lakini shangazi, mtu huandika ili—"

"Kumbe uliandika uongo?"

Miaka minne chuoni, na hakuna mwalimu aliyewahi kunibana namna ile.

Dada yetu alikuwa pale pale, akimenya muhogo kwa mikono yake inayotetemeka. Hakuinua kichwa. "Mnanigombea kama mbuzi wa akika," alisema. "Na mbuzi hamumwulizi."

Shangazi akalia. Wazazi wetu walikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kilio cha shangazi kilikuwa ndicho mahakama ya rufani. Nikakubali twende tukamsikilize mganga. Kumsikiliza tu.

Mganga mwenyewe alikaa bara, ukiipita Kinango, njia ya kwenda Samburu, kule ambako vumbi huingia garini hata ukifunga madirisha. Nilikwenda nikiwa tayari kumkuta mlaghai, na nilitegemea anisaidie kwa kufanana naye. Nilikuta mwanamke wa makamo yangu, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni, akigombana kwa simu na mtu aliyemletea mbuzi mwenye chongo. Alipomaliza alitukaribisha, akapokea shikamoo ya dada yangu, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi."

"Hapa huandiki."

"Siandiki kila kitu, mama."

"Wote husema hivyo," alisema, na akaniangalia vile vile nilivyokuwa nikimwangalia yeye.

Alimwuliza dada yangu wanaomsemesha ni wangapi. Dada akasema watatu, mmoja mzee, anakohoa. Shangazi akapiga paja. "Nyanya yake alikuwa na kikohozi! Na huyu hakumdiriki!" Mimi nikajiambia kwamba wazee wenye vikohozi katika Kwale nzima hawana idadi, na kwamba ni shangazi huyo huyo aliyemlea dada yangu kwa hadithi za nyanya tangu alipokuwa mgongoni. Mganga hakupiga paja. Alisema pepo hujaribiwa.

Jaribio lenyewe wanaliita kuzuza. Kitu kinafichwa, kibuyu kidogo chenye shanga shingoni, na anayedaiwa kuitwa anatolewa nje, ngoma na kayamba zinapigwa, naye anatakiwa akinuse mpaka akitoe. Akikitoa, pepo ni wa kweli, na mtu huyo atakaa hapo kwa mganga akifundishwa mpaka apewe kilinge chake. Asipokitoa, anarudi kwao na mambo yameisha.

"Na sindano?" niliuliza.

"Sindano huziba pua," mganga alisema. "Akikaa hapa hachomwi."

Tazama basi ilipofikia. Jaribio lingekuwa Jumamosi. Sindano ya mwezi ilikuwa Jumatano inayofuata. Lile la kwanza lingeamua hii ya pili, na mimi nilikuwa nimemwona dada yangu kabla ya sindano: nimemwona amekaa chini ya kitanda siku mbili, ameshika kisu cha mkate, akitulinda sisi dhidi ya watu ambao hatukuwaona.

"Na nani huficha hicho kibuyu?"

"Waganga wenzangu wawili."

"Nitaficha mimi."

Hata mbuzi waliacha kutafuna, au ndivyo nikumbukavyo. Nilikuwa nimekwisha kuona mchezo wote: wenzake wanaficha, mmoja anakohoa ukikaribia, mwingine anajikuna, na dada yangu anapotea bara. Mganga akacheka, cheko la kweli, mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Ficha, msomi. Lakini mfichaji haondoki uwanjani. Anafuatana na watu mpaka mwisho. Na mteja akishindwa, mfichaji ndiye huonyesha kilipokuwa."

Nililishuku sharti hilo papo hapo. Sikuona lilipoozea, nikakubali.

Wiki ile nilimwuliza dada yangu swali ambalo ningalipaswa kuanza nalo. Alikuwa anakunja nguo.

"Wewe mwenyewe wataka nini?"

"Kwako mimi mgonjwa," alisema. "Kwa shangazi mimi kiti. Kiti angalau watu hukitafuta."

"Na sindano?"

"Kaka, umewahi kulala ukaamka umechoka zaidi? Ndiyo sindano." Akaendelea kukunja. "Lakini redio ya jirani ni afadhali kuliko redio kichwani. Sasa niache, nguo hizi zinanishinda."

Sikulala vizuri. Nilishuku kwamba anataka kwenda. Kibaya zaidi, nilimwelewa.

Jumamosi tulifika mapema. Kulikuwa na wapigaji wanne, majirani, waganga wenzake wawili walioniangalia kama watu walionyang'anywa kazi, na shangazi katika leso mpya. Dada alifungiwa ndani na wanawake, wakamfunika nguo nyeupe. Mimi nikapewa kibuyu. Nilizunguka ile nyumba kwanza. Dirisha la nyuma lilikuwa na tundu ubaoni; nikaliziba kwa gunzi la hindi. Mganga mmoja alimwuliza mwenzake kama mimi ni fundi.

Nilipita zizi la mbuzi, nikajifanya kuinama. Nikapita mtungi wa maji, nikainama. Nikajifanya kuchimba chini ya mchongoma. Kisha, nilipohakikisha hakuna anayenitazama, nikakisukuma kibuyu katika rundo la makuti lililoletwa kutoka pwani kuezekea upya kilinge. Matita yale yalikuwa kama kumi na yote yamefanana. Nililichagua la katikati, nikakiingiza mpaka bega langu likagota.

Nikavaa miwani ya jua. Nilikuwa nimeinunua Diani kwa wachuuzi wa ufukweni, kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu nilikwisha kufikiri: macho ya mfichaji ndiyo humsaliti. Sharti la kubaki uwanjani lilikuwa na maana hiyo tu, nikajipongeza.

"Mwenzetu amekuja kuogelea," mpigaji mmoja alisema.

"Bahari iko huko ulikotoka, baba," jirani akaongeza.

Ngoma zikaanza. Dada alitolewa, miguu mitupu, nguo nyeupe imemfunika mpaka puani, macho tu yakiwa nje. Nilitazama juu. Nilitazama zizi. Kisha nikagundua kwamba ninatazama kila mahali isipokuwa kwenye makuti, nikalazimika kuyatazama makuti kidogo, kwa usawa. Na kwa kuwa pepo, kama yupo, huenda anasoma mawazo, mimi nisiyeamini pepo nikaanza kuimba moyoni jedwali la saba. Saba mara nane ikanishinda. Ilikuwa hali ya aibu kwa mtu mwenye shahada.

Alikwenda kwenye mtungi, akaupita. Akaenda kwenye mchongoma, akasimama, akaupita. Wanawake walimfuata wakiimba, shangazi mbele, jasho limemlowesha. Mikono ya dada yangu ilikuwa imetulia. Nililiona hilo na likanitisha: wiki nzima mikono ile haijatulia hata mara moja, na sasa ilining'inia kama ya mtu aliyelala.

Akaelekea kwenye makuti.

Hakuzunguka rundo. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya tita la katikati, akauacha pale. Ngoma zikapanda. Nikaiona Jumatano ikipita bila sindano, na Jumatano ya pili, na dada yangu chini ya kitanda cha watu nisiowajua, upande wa pili wa Kinango, ambako hakuna atakayenipigia simu.

Akauondoa mkono. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, akakaa chini mavumbini kama mtu aliyefika kwake.

"Basi," alisema.

Ngoma zikafa moja moja. Shangazi alipiga ukunga kana kwamba tumefiwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu nyuma ya miwani yangu. Tabasamu halikudumu, kwa sababu mganga alikuwa amenigeukia.

"Haya, msomi. Tuonyeshe."

Hapo ndipo sharti lake liliponibana. Watu wote walikuwa wamemwona akiweka mkono. Nikikitoa kibuyu katika tita lile, nimemkabidhi dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipiga hesabu haraka: naweza kuvuta tita la pembeni, nikatumbukiza mkono, nikafanya kiini macho. Wiki nzima nilikuwa nikimshuku yule mwanamke kwa kiini macho, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikikitafuta, na tatizo langu kubwa lilikuwa kwamba sikijui. Nikamtazama dada. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anayengoja kuona mimi ni mtu wa aina gani. Nikaenda kwenye tita la katikati, nikaingiza mkono mpaka begani, nikakitoa.

Vilivyofuata vilikuwa vigelegele. "Alikigusa!" shangazi alikuwa akipiga kelele, anarukaruka, mtu mwenye magoti mabovu. "Alikigusa! Mmeona nyote! Alikigusa!" Wale waganga wawili walikuwa wameinuka. Mpigaji wa kayamba akaanza tena, akakatazwa.

Mganga alichutama mbele ya dada yangu.

"Ulijua kimo mle?"

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Yule mzee mwenye kikohozi."

Shangazi, aliyekuwa bado akirukaruka, akakaa.

"Akasemaje?"

"Akasema, toa."

"Mbona hukutoa?"

Dada yangu alifikiri kwanza. Siku hizi hufikiri polepole, ni dawa, na watu wengi humkatiza. Mganga hakumkatiza.

"Kila siku ni toa, lala, usile, nyamaza," alisema. "Nikikataa nikiwa peke yangu hunitukana mpaka alfajiri. Nikaona leo watu ni wengi, nimkatalie mbele yenu, akitaka kunifanya kitu mmwone. Nimemkatalia." Alitazama huku na huku, kama anayesikiliza. "Hakunifanya kitu."

Mganga alininyang'anya kibuyu, akakifuta vumbi kwa leso yake.

"Pepo akitaka kiti na kiti kikakataa, hakuna uganga hapo. Mchukueni."

"Lakini amejua!" shangazi alisema.

"Amejua. Hataki. Mimi nililazimishwa, mama. Simlazimishi mtu."

Nimelizungusha jambo hilo kichwani mara nyingi. Huenda alisema kweli. Huenda hakutaka kumfundisha mwanamke anayeweza kumkatalia pepo hadharani, maana kesho angemkatalia na yeye. Huenda aliiogopa kalamu yangu. Alikuwa amenikataza kuandika, na nimeandika. Nikiwa naingia garini alinifuata mpaka mlangoni, akasema, "Umeridhika?" Nilisema asante, akasonya.

Njiani shangazi alilia kimya kimya kwenye kiti cha nyuma mpaka tulipokaribia Kinango.

"Sasa atarudi kunigonga kichwa mimi," alisema.

"Nitakukanda, shangazi," dada akamjibu.

"Utanikanda na mikono hiyo?"

"Ndiyo mizuri. Inatetemeka yenyewe, sichoki."

Shangazi alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Nami nikaona ndio wakati.

"Niambie kweli," nilimwambia dada. "Ulijuaje?"

"Una vumbi la makuti mpaka ndevuni."

Nikajitazama kwenye kioo. Ni kweli, nilikuwa kama mtu aliyelala darini. Nilipumua. "Kumbe ni vumbi."

"Nimekwisha kusema mbele za watu ni mzee. Wewe chagua kitakachokupa usingizi."

Shangazi hajaacha kudai kwamba dada yangu alifaulu, na mimi siwezi kumwambia amekosea. Kilichokuwa ndani ya makuti alikijua. Nguvu niliyoiona siku ile, hata hivyo, haikuwa katika kujua, na hilo halimo katika makala yangu wala katika neno la daktari. Sijui liandikwe wapi.

Jumatano alinyanyuka mapema, akavaa buibui, akaniambia anakwenda kliniki peke yake. Sikupinga. Nilimwambia Mungu akusitiri, nikafunga mlango, nikasubiri kidogo, kisha nikachukua bodaboda na kumwambia dereva aifuate kwa mbali matatu aliyopanda. Nilishuku angeteremka njiani na kuchukua gari la bara. Nilishuku shangazi amemvizia mahali. Hakuteremka, na shangazi hakuwapo. Nilimwambia dereva anisubiri, nikajibanza kwenye kibanda cha fundi viatu, mkabala na lango la kliniki. Dada yangu alifika langoni, akasimama, akageuka, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

"Kaka," alisema. "Kati yetu sisi wawili, mimi ndiye wa kudhani ninafuatwa."

Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha sindano yake.

"Nilikuwa napita," nilisema.

"Endelea kupita."

Akaingia. Alipotoka alikuwa ameshika pamba begani. Aliniambia amechomwa, na kwamba amemweleza daktari kuhusu mikono yake, kwamba anataka kurudi kuoka, na daktari amekubali wajaribu kupunguza dawa kidogo kuanzia mwezi ujao na waangalie. Alilisema hilo kwa wepesi, kama anayetaja bei ya nyanya. Miezi yote nilikuwa nikimsindikiza, nikikaa katikati yake na daktari, nikijibu maswali aliyoulizwa yeye, na suala la mikono halikuwahi kunipitia nilisemee.

Sikuamini. Nikamwambia anisubiri, nikaingia ndani kumwuliza daktari.

Ilikuwa kweli. Nilipotoka, dada yangu hakuwapo. Fundi viatu alinyoosha kidole upande wa barabara kuu: alikuwa ameondoka na bodaboda yangu.